Kubadili Gia Bila Gari Kushtuka

Gari la gia za mkono hushtuka pale vitu viwili vinavyozunguka kwa kasi tofauti vinapolazimishwa ghafla kuzunguka pamoja. Kila gia inapobadilishwa, tofauti za namna hiyo huwa mbili. Ya kwanza imo ndani ya giaboksi, na huondolewa na ringi ndogo ya aloi ya shaba ambayo madereva wengi hawajawahi kuiona. Ya pili iko kati ya injini na klachi pleti. Hiyo haina ringi. Huondolewa na miguu ya dereva, au haiondolewi, na abiria wakaijua kwa shingo zao.

Pedali ipi ikanyagwe kwa mguu upi ni somo la siku ya kwanza ya shule ya udereva. Namba za gia ndizo zinazofaa kutazamwa kidogo. Katika gari dogo, gia ya kwanza huwa na uwiano wa karibu 3.5, yaani injini huzunguka mara tatu na nusu ili shafti inayotoka kwenye giaboksi izunguke mara moja. Ya pili huwa karibu 2.0, ya tatu 1.3, ya nne 1.0 na ya tano 0.8. Magari hutofautiana, lakini si kwa mbali.

Wengi hudhani kwamba fimbo ya gia inaposukumwa, magurudumu mawili makubwa ya meno husogezwa hadi yakaumana. Ilikuwa hivyo katika magari ya mwanzo. Katika giaboksi ya leo, gia zote za kwenda mbele zimeumana muda wote, hata gari likiwa limeegeshwa. Kila gia ya shafti ya kutokea imekaa juu ya beringi na inazunguka bila kuibeba shafti hiyo. Kuingiza gia maana yake ni kuifunga gia moja kwenye shafti. Kinachofunga ni mkufu wa chuma wenye meno kwa ndani, unaozunguka pamoja na shafti na kutelezeshwa na fimbo ya gia kwenda huku au kule. Mkufu ukipanda juu ya meno madogo yaliyo ubavuni mwa gia, gia na shafti huwa kitu kimoja.

Shida ni kwamba kabla ya hapo gia na shafti havikuwa na kasi moja. Shafti imefungamana na magurudumu ya gari, na gari lina mwendo wake. Gia, kwa upande wake, inazungushwa kutoka upande wa klachi, kwa kasi iliyobaki kutoka gia iliyotangulia. Meno ya vitu viwili vya namna hiyo yakikutanishwa, hulia ile krrr inayowakunja sura wote waliomo garini.

Hapo ndipo ringi inapoingia kazini, na ustadi wake unastahili kutazamwa taratibu. Ringi hukaa katikati ya mkufu na gia. Kwa ndani ina umbo la pia, lenye mifereji myembamba ya kukata utando wa mafuta, na umbo hilo huvaana na pia nyingine iliyochongwa kwenye gia. Kwa nje ina meno yaliyochongwa ncha kama ya mkufu. Mkufu ukianza kusogea, vipande vitatu vidogo vya chuma huisukuma ringi dhidi ya gia. Pia mbili husuguana, na msuguano huo hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwanza, huivuta gia ielekee kasi ya shafti. Pili, huizungusha ringi kidogo sana, nusu ya jino tu, kiasi cha kuyaweka meno yake mbele ya meno ya mkufu. Njia imezibwa. Kadiri tofauti ya kasi inavyoendelea kuwapo, msuguano huishikilia ringi pale pale na mkufu haupiti. Kasi zikilingana, msuguano hauna tena cha kuvuta, ringi hulegea, ncha za meno huisogeza kando, na mkufu hupita. Kifaa hiki hakina waya wala kompyuta, lakini kinapima tofauti ya kasi, kinaipunguza, na hakimpi mtu ruhusa mpaka iishe. Dereva anayeshika fimbo kwa vidole badala ya ngumi huisikia kazi hiyo: fimbo hugota kidogo katikati ya safari yake, kisha huzama yenyewe.

Konda wa daladala hufanya jambo hilo hilo kila siku. Gari limeanza kuondoka kituoni, naye yuko chini. Akiushika mlango huku amesimama, atang'olewa. Kwa hiyo hukimbia kwanza sambamba na mlango, mkono ukigusa bomba, na miguu yake ikishafikia mwendo wa gari huinuka na kutua kwenye ngazi bila kishindo. Daladala ni shafti, konda ni gia. Ringi ni mkono uliogusa bomba, ila ni bomba la ajabu lisilomruhusu konda kupanda mpaka mbio zake zilingane na za gari. Gia zinapopandishwa, konda ana mbio kuliko gari na lazima apunguze. Zinapopanguliwa, yuko nyuma na lazima aongeze. Klachi ikikanyagwa hadi chini, konda ni mwepesi, kwani anachobeba ni shafti ya kuingilia, klachi pleti na gia zenzake tu. Klachi ikikanyagwa nusu, konda huyo amefungwa kamba kiunoni, na ncha ya pili ya kamba imefungwa kwenye gari jingine linalokwenda kwa mwendo wake. Gari hilo jingine ni injini, na ringi ndogo haina ubavu wa kupambana nayo. Ndiyo maana gia hulia mguu wa kushoto unapokuwa mvivu.

Ringi hizi zinaweza kuitwa visawazishi, ingawa mafundi huziita ringi za sinkronaiza. Mfumo wa kusawazisha kasi za gia ulibuniwa na Mmarekani Earl Thompson na kuingia sokoni mwaka 1928 katika magari ya Cadillac. Mhandisi huyo huyo aliongoza baadaye utengenezaji wa Hydra-Matic, giaboksi ya kujiendesha iliyoiondoa kabisa pedali ya klachi. Kabla ya ringi, na hadi leo katika malori mengi ya Kimarekani yenye giaboksi za Eaton Fuller, dereva alilazimika kupiga dabo klachi: anakanyaga klachi na kutoa gia, anaachia klachi gari likiwa free, anapandisha injini kwa mguu wa mafuta ikiwa anapangua, kisha anakanyaga klachi tena na kuingiza gia. Dereva mwenyewe ndiye aliyekuwa ringi.

Hayo yote hulainisha tofauti ya kwanza tu. Gia ikishazama, klachi pleti inazunguka kwa kasi ambayo gia mpya inaitaka, ilhali injini iko kwingine kabisa. Gari likitoka gia ya pili kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, gia ya tatu itaitaka injini iwe karibu 1,950. Mguu wa kulia ukiondoka kwenye mafuta, injini huteremka yenyewe: 2,700, 2,300, 2,000. Klachi ikiachiwa ingali 2,700, gari hurushwa mbele. Ikiachiwa injini imeshuka hadi 1,000, gari huvutwa nyuma na vichwa huinama. Ikiachiwa pale injini inapoipita 1,950, abiria hana habari. Kubadili gia kwa ulaini ni suala la kukutana na namba hiyo inapopita, na sikio huijua kabla ya jicho kufika kwenye dashibodi. Flaiwili nzito, kama za dizeli nyingi za pikapu, huchelewa kushuka, na ndiyo sababu mtu aliyezoea gari dogo la petroli huishtua pikapu wiki ya kwanza ingawa hakukosea chochote alichofundishwa.

Mwanzoni mwa kubadili gia, miguu miwili huondoka pamoja: wa kulia ukiachia mafuta, wa kushoto ukikanyaga klachi. Mguu wa mafuta ukitangulia, shafti zilizokuwa zimejipinda kidogo kwa nguvu ya injini hujinyoosha ghafla, na gari huinamisha pua kabla hata klachi haijaguswa. Mguu wa klachi ukitangulia, injini hunguruma bila mzigo.

Kupangua gia ni kugumu zaidi kwa sababu injini haipandi yenyewe. Kutoka gia ya tatu kwenye 2,000 kwenda ya pili, injini inatakiwa kufika karibu 3,080. Klachi ikiachiwa injini ikiwa kwenye silensa, ni magurudumu yatakayolazimika kuipandisha, na kwenye lami yenye mvua matairi ya nyuma ya pikapu isiyo na mzigo yanaweza kuteleza. Dawa ni kugusa mafuta mara moja, kwa ufupi, klachi ikiwa bado imekanyagwa, halafu kuiachia. Nissan 370Z ya mwaka 2009 ilikuja na kompyuta ya kugusa mafuta kwa niaba ya dereva. Kwenye mteremko wa Kitonga, mkoani Iringa, gia hupanguliwa kabla mteremko haujaanza, injini isaidie kulizuia gari na breki zisichemke. Nissan 370Z ya mwaka 2009 ilikuja na kompyuta ya kugusa mafuta kwa niaba ya dereva.

Kuondoka mahali gari liliposimama ndiko kunakoila klachi. Gari la kilo 1,000 likifikishwa kilomita 10 kwa saa kwenye tambarare, klachi pleti hupokea joto la karibu kilojuli 4, sawa na nishati ya mwendo gari liliyopata. Injini ikishikiliwa wakati wa hafu klachi kwenye mizunguko mara mbili ya ile inayolingana na mwendo huo, hadi klachi ishike kabisa, joto hupanda mara nne. Harufu ile ya kuungua kwenye foleni ya mlimani hutoka hapo.

Ringi nazo huisha. Ya gia ya pili ndiyo kwa kawaida hutangulia, kwani pengo kati ya 3.5 na 2.0 ni kubwa na gia hiyo hutumika sana mjini. Mafuta yasiyofaa huharakisha mambo: watengenezaji wengi hutaka GL-4 kwenye giaboksi, wakati GL-5, iliyokusudiwa difu, inaweza kuwa na kemikali zinazoshambulia shaba. Fundi akishafungua giaboksi, huipachika ringi kwenye pia ya gia kwa mkono, huibana na kuizungusha. Nzima hung'ang'ania, iliyokwisha huteleza. Kisha huingiza fila geji kwenye nafasi iliyobaki kati ya ringi na uso wa gia. Nafasi ikipungua chini ya kipimo cha kitabu cha gari hilo, pia za ringi na gia hazibanani tena sawasawa, na ringi hubadilishwa.