Kutoka Lugoba hadi ubaoni: mwalimu wa shule ya msingi hupita milango miwili

Na Mwandishi Wetu, Lugoba

Kila matokeo ya Kidato cha Nne yanapotangazwa, zipo familia katika Kata ya Lugoba, Halmashauri ya Wilaya ya Chalinze, zinazoanza kupiga hesabu ya kumpeleka kijana chuo cha ualimu. Mara nyingi hesabu hiyo hujengwa juu ya mazoea ya zamani, kwamba kijana akihitimu Serikali itampangia kituo cha kazi. Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka mingi, lakini tangu katikati ya muongo uliopita wahitimu hawapangiwi tena moja kwa moja. Leo mwombaji hupita milango miwili iliyo chini ya mamlaka mbili tofauti. Wa kwanza ni wa chuo, unaosimamiwa na Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Wa pili ni wa ajira, ambao sasa uko chini ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Kuupita wa kwanza hakumpi mtu haki ya kuupita wa pili, na mzazi anayeuza ng'ombe au shamba ili kulipa ada anastahili kulijua hilo kabla hajauza.

Tuanze na chuo. Mwombaji anayetoka Kidato cha Nne anatakiwa awe amefaulu katika Daraja la I hadi la III, yaani alama zisizozidi 25. Kipo kizazi cha walimu kilichopokelewa na Daraja la IV, na bado wapo madarasani wakifanya kazi nzuri, lakini mlango huo umefungwa. Miaka ya 1970, wakati wa mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, hata wahitimu wa Darasa la Saba waliandaliwa kuwa walimu kwa sababu watoto walikuwa wengi kuliko walimu waliokuwapo. Sifa zimekuwa zikipanda tangu hapo. Kwa muda mrefu mwalimu wa shule ya msingi alihitimu astashahada kwa miaka miwili. Sasa mwelekeo wa Serikali ni kupandisha kiwango hicho hadi stashahada. Kwa sababu hiyo tangazo la nafasi za mafunzo linalotolewa na Wizara lisomwe upya kila mwaka, lisikaririwe kutoka kwa kaka aliyesoma miaka mitano iliyopita.

Kwa mkazi wa Lugoba, vyuo vya Serikali vilivyo karibu ni pamoja na Vikindu, wilayani Mkuranga, Morogoro na Korogwe. Vyuo binafsi vipo pia, na kwa hivyo mzazi aulizie usajili wa chuo kabla ya kulipa hata shilingi moja. Masomo huambatana na mazoezi ya kufundisha katika shule halisi, na mtihani wa mwisho husimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania.

Mlango wa pili ndio unaowakwamisha wengi. Nafasi za kazi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na maombi hutumwa kwa njia ya kielektroniki kupitia Ajira Portal. Mwombaji anatakiwa awe raia wa Tanzania asiyezidi umri wa miaka 45, awe na namba ya Kitambulisho cha Taifa, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya taaluma na vya sekondari vilivyothibitishwa na wakili au mwanasheria, pamoja na barua ya maombi iliyosainiwa. Hati za matokeo za muda hazikubaliki badala ya vyeti.

Jambo linaloonekana dogo ni majina. Katika ukanda wetu wa Pwani si ajabu mtu mmoja akawa Ally katika cheti cha kuzaliwa, Ali katika cheti cha Kidato cha Nne, na Ramadhani wa chuoni akawa Ramadhan katika kitambulisho. Nyumbani tofauti hiyo haina maana yoyote, ila katika uhakiki wa nyaraka inaweza kumrudisha mwombaji nyumbani. Ni vyema marekebisho, au hati ya kisheria inayoeleza tofauti hiyo, yafanyike mapema, si wiki ya usaili.

Walioitwa hufanya usaili wa kuandika, na wanaofaulu huendelea na hatua inayofuata. Usaili wa kada ya ualimu umekuwa ukifanyika mikoani, hivyo anwani ya makazi ya sasa iliyojazwa kwenye mfumo iwe sahihi; aliyehamia Mwanza akaacha anwani ya Pwani atajikuta na safari ndefu. Ushindani ni mkubwa: katika usaili wa walimu ulioanza Januari 2025, waombaji zaidi ya 200,000 walishindania nafasi zaidi ya 14,000 za ualimu. Aliyefaulu akakosa nafasi taarifa zake hutunzwa katika kanzidata kwa muda maalumu na anaweza kupangiwa baadaye. Kutuma maombi hakulipiwi, na mtu yeyote anayeomba fedha ili "kumsaidia" mwombaji ni tapeli.

Mwenye astashahada huajiriwa kama Mwalimu Daraja la IIIA kwa ngazi ya mshahara ya TGTS B, mwenye stashahada IIIB kwa TGTS C, na mwenye shahada IIIC kwa TGTS D. Aliyepangiwa huripoti kwa Mkurugenzi wa Halmashauri husika ndani ya muda uliotajwa katika barua yake, akiwa na vyeti halisi. Halmashauri hiyo inaweza kuwa Chalinze, na inaweza vilevile kuwa Kigoma au Rukwa. Huko ataanza kipindi cha majaribio, na akishakimaliza vizuri suala la kuthibitishwa kazini, kupandishwa cheo na nidhamu yake litakuwa mikononi mwa Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 25 ya mwaka 2015 na yenye ofisi katika wilaya.