Ukimya wa Mungu Si Hukumu
Kuanzia Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi. Waendesha mashtaka wanasema waumini waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Imani hawakukosa. Naona kiu yao ya kumkaribia Mungu ndiyo iliyotumiwa vibaya, kwani wengi wetu tumefundishwa kwamba kumwona Mungu yuko mbali ni dalili ya dhambi. Mbona Daudi alilalamika hivyo hivyo katika Zaburi, na wahyi ulimkatikia Mtume Muhammad kwa muda kabla ya kushuka Suratu Dhuha?

Utasema kufunga humkurubisha mja kwa Mola. Naam, lakini saumu ya Ramadhani hukoma magharibi, watu wakafuturu kwa tende na uji, na mgonjwa ana ruhusa ya kula. Moyo ukikauka, mwendee imamu, padri au jirani unayemwamini. Anayekukataza chakula mkimbie.