IST au Probox? Hesabu ya gari la kwanza kwa mkulima wa Katavi

MASOKO ya tumbaku yanapofungwa na mpunga wa Mpimbwe unapokuwa umekwishapata wanunuzi, wakulima na wafanyabiashara wadogo wa Mkoa wa Katavi wenye fedha mkononi huanza kuulizana habari za magari. Si Canter wala Fuso, maana hayo ni ya wenye mitaji mikubwa. Wanaulizana juu ya gari la kwanza, dogo, lililokwishatumika Japani, na mara nyingi swali linaishia kwenye majina mawili: Toyota IST au Toyota Probox.

Kwingineko duniani swali hili lina sura nyingine. Mtu wa Ulaya mwenye akiba ya kiasi hubishana na nafsi yake kati ya gari dogo lenye mbio na mlango wa nyuma, mfano wa Volkswagen Golf GTI iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, na gari la michezo la viti viwili lenye paa la kukunja, kama Mazda MX-5 iliyotoka mwaka 1989. Gari la paa la kukunja halina kazi Katavi. Ukitoka Sitalike kwenda Kibaoni barabara inakatiza katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na mbung'o wa huko, ambao huvutwa hasa na rangi ya buluu na nyeusi, hawamsubiri dereva afunge turubai. Lakini mvutano wenyewe ni uleule, kwamba moyo unataka gari moja na mfuko unataka jingine. Mjini Mpanda IST ndilo gari la moyo. Probox ni gari la kazi, na wapo wanaoona aibu kulipeleka harusini.

Kabla ya kuchagua, ni vizuri mnunuzi akajua kwamba magari haya ni ndugu. Yote mawili yaliingia katika soko la Japani mwaka 2002, na yote yalijengwa juu ya msingi wa Vitz. Matoleo ya mwanzo yenye injini ya cc 1,500 yanatumia injini moja, 1NZ-FE, ambayo inaendeshwa kwa cheni ya taiming badala ya mkanda, na ambayo imefungwa pia katika Raum, Spacio na magari mengine mengi yaliyojaa nchini. Ndiyo maana vipuri vyake havisumbui na fundi wa kawaida anaijua. Dalali anayesema injini ya IST ya cc 1,500 ni bora kuliko ya Probox ya cc hizohizo, au kinyume chake, anauza maneno.

Tofauti iko nyuma ya kiti cha dereva. IST ilibuniwa kwa ajili ya vijana wa mjini, ina viti laini na mwendo mtulivu. Probox ilibuniwa kwa ajili ya makampuni ya Japani, kubebea bidhaa na vifaa vya mafundi. Sakafu yake ya nyuma inalala sawasawa viti vikikunjwa, springi zake ni ngumu, na mtengenezaji ameipa uwezo rasmi wa kubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili, au kilo 250 ikiwa na watu watano. Hiyo ni sawa na magunia manne ya kilo 100, dereva na mwenzake. Magunia manane au tisa yanayoonekana ndani ya baadhi ya Probox, tena ya lumbesa, ni mkopo ambao gari litaulipa baadaye kwa bushi, bearing na shokapu.

Tofauti nyingine ni gia. Probox za miaka ya mwanzo zipo zenye gia za mkono, jambo ambalo ni faida kubwa kwa anayepita mbuga za udongo mweusi kati ya Novemba na Aprili. IST za toleo la kwanza ni za otomatiki tu. Mnunuzi anayetaka Probox ya toleo lililobadilishwa mwaka 2014 ajue kwamba giaboksi yake ni ya aina ya CVT, yenye mafuta yake maalumu. Akimwachia fundi amimine mafuta ya giaboksi yoyote aliyonayo, atanunua giaboksi nyingine.

Bei ya kuuzia

Wanunuzi wengi huuliza bei ya kununulia wakasahau bei ya kuuzia. Kwa mkulima, gari ni akiba pia, na siku moja litauzwa ili kulipa ada, matibabu au shamba.

Hapa IST linaongoza. Mwalimu, muuguzi, kijana wa duka la simu na mama mwenye saluni wote wanalitaka, kwa hiyo mwenye IST hakosi mteja, Mpanda au Tabora. Probox wanunuzi wake ni wachache zaidi, nao wanajua kwamba mwenye nalo alilifanyisha kazi. Wanainama chini, wanatazama sakafu ya nyuma, wanashusha bei.

Tuchukulie kwa mfano kwamba kila gari limenunuliwa kwa Sh10 milioni. Baada ya miaka mitatu IST lililotunzwa linauzwa Sh8 milioni, na Probox lililobeba mizigo linauzwa Sh5.5 milioni. IST limepoteza Sh2 milioni na Probox Sh4.5 milioni. Tofauti ni Sh2.5 milioni, yaani karibu Sh833,000 kwa mwaka. Probox lazima lizalishe kiasi hicho kwa kubeba mizigo ambayo IST lisingeweza kuibeba. Likishindwa, mwenye nalo amekaa kwenye kiti kigumu miaka mitatu bila malipo.

Je, linaweza? Tuseme nauli ya gunia moja kutoka kijijini hadi Mpanda ni Sh4,000. Probox linabeba manne, IST hata likikunjwa viti halifai kupewa zaidi ya moja. Faida ya Probox ni magunia matatu, sawa na Sh12,000 kwa safari. Ili kufikisha Sh833,000 zinahitajika safari kama 70 kwa mwaka, zaidi kidogo ya safari moja kwa wiki, mwaka mzima, masika na kiangazi.

Na hizo ni safari ambazo mwenye gari angekwenda hata asingekuwa na mzigo. Kijiji kikiwa kilomita 40 kutoka mjini, kwenda na kurudi ni kilomita 80. Gari likitumia lita moja kwa kilomita 13 na petroli ikiwa Sh3,000 kwa lita, safari inakula zaidi ya Sh18,000 za mafuta. Nauli ya magunia manne ni Sh16,000. Kwa maneno mengine, anayewasha Probox kwa ajili ya magunia manne ya mahindi tu amepata hasara kabla hajagusa breki. Bei kikomo za EWURA hutofautiana kwa umbali kutoka bandarini, na Mpanda huwa juu ya Dar es Salaam, kwa hiyo hesabu hii haitakuwa nyepesi huku.

Nani basi anapata faida na Probox? Ni yule ambaye mzigo wake ni mwepesi kwa kilo lakini mzito kwa thamani, na ambaye harudi mtupu. Mfanyabiashara wa dagaa na migebuka anayefuata bidhaa Ikola au Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akipeleka huko sukari, sabuni na nguo, analipia mafuta pande zote mbili. Mnunuzi wa asali wa Inyonga naye yumo, na mwenye duka wa Majimoto au Mishamo anayefungasha mzigo Mpanda kila wiki. Kwa hawa safari 70 zinatimia kabla mwaka haujafika mwisho.

Mkulima wa mahindi wa kawaida hayumo katika kundi hilo. Chukua mwenye ekari 10 aliyevuna magunia 15 kwa ekari. Magunia 150 kwa Probox ni safari 38. Canter la tani tatu na nusu linayamaliza kwa safari tano. Mkulima huyo akitaka gari kwa ajili ya kwenda kanisani au msikitini, mjini na hospitali, anunue IST bila kuona haya, na mavuno ayakodishie Canter. Wanaosafirisha mzigo mkubwa kwenda Tabora wanayo lami iliyokwishafika Mpanda, na ipo reli ya kutoka Kaliua ambayo imekuwapo tangu mwaka 1950, ilipojengwa kwa ajili ya madini ya risasi. Gari dogo halina la kushindana navyo.

Novemba inakuja

Kosa kubwa linalofanyika katika ununuzi huu, hata hivyo, halihusu aina ya gari. Ni kununua Agosti kwa fedha yote, kisha mvua za Novemba zikakuta mfuko mtupu.

Mkulima huyohuyo wa ekari 10 anahitaji mifuko 20 ya mbolea, kwa maana ya mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia kwa kila ekari. Mbolea ya ruzuku ilianza msimu wa 2022/23 na imepunguza makali, lakini ruzuku si bure. Tukichukulia Sh75,000 kwa mfuko, ni Sh1.5 milioni. Mbegu kilo 10 kwa ekari kwa Sh7,000 kwa kilo ni Sh700,000. Kulima kwa Sh60,000 kwa ekari ni Sh600,000. Jumla Sh2.8 milioni, kabla ya palizi.

Asipokuwa nazo atakopa, pengine kwa kuweka rehani kadi ya gari alilonunua juzi. Kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, kuanzia Novemba hadi Juni, riba peke yake ni Sh1,960,000. Hiyo inakaribia tofauti yote ya IST na Probox kwa miaka mitatu, nayo imeliwa katika msimu mmoja. Fedha ya pembejeo itengwe kwanza, ikiwezekana inunue mbolea kabisa na kuwekwa stoo. Ikibaki Sh7 milioni badala ya 10, litafutwe gari la Sh6 milioni, na milioni moja ibaki kwa tairi, shokapu na bima, maana gari la mkononi halikosi madai ya mwezi wa kwanza.

Anayevumilia hadi Januari huenda akapata bei nzuri zaidi. Agosti wanunuzi ni wengi na wauzaji wanalijua hilo. Januari wenye magari wanatafuta ada.

Kukagua gari la mkononi

Herufi za namba ya usajili zinaeleza gari limeingia nchini lini. Namba C imetangulia D, na D imetangulia E. Lakini zinaeleza kuingia tu, hazielezi kutengenezwa. IST lenye namba E linaweza kuwa la mwaka 2004. IST liliacha kutengenezwa mwaka 2016, kwa hiyo kila linaloingia sasa ni gari la umri, na anayeagiza mwenyewe atakutana na ushuru wa ziada wa TRA kwa magari makuukuu. Probox lingali linatengenezwa, hivyo lipo pia la miaka ya karibuni. TRA hutoza kodi kwa thamani iliyomo katika mfumo wake, hata kama mnunuzi alilipata gari kwa bei ya chini huko Japani. Ushuru wa bidhaa kwa injini za cc 1,300 na 1,500 uko katika daraja moja, kwa hiyo ukubwa wa injini usiwe sababu ya kuchagua kati ya hizo mbili.

Kwa Probox, inua kapeti la nyuma utazame kama sakafu imebonyea, kisha ingia chini ukague mahali springi zinapokalia. Mengi yalitembea sana Japani kabla ya kupanda meli, na mita ya kilomita hurudishwa kwa urahisi, kwa hiyo tazama uchakavu wa pedali, usukani na kiti cha dereva. Kwa IST, sikiliza milio ya mbele unapopita kwenye mashimo, na uliza kama limenyanyuliwa. Vipande vya kuinua springi husaidia kwenye vumbi la vijijini lakini hula bushi na shafti za magurudumu. Kwa yote mawili, fungua chujio la hewa. Likiwa limejaa vumbi jekundu, mwenye gari hakuwa na habari na mengine pia.

Namba ya gari iingizwe katika mfumo wa polisi wa usalama barabarani kuangalia faini ambazo hazijalipwa, na bima ihakikiwe kwenye mfumo wa TIRA. Namba ya chesisi ilinganishwe na kadi, herufi kwa herufi. Mkataba usainiwe mbele ya wakili, na umiliki ubadilishwe TRA kabla fedha ya mwisho haijatoka. Gari linaloendeshwa miaka miwili kwa jina la mtu wa Dar es Salaam haliuziki kwa urahisi, na mwenye jina akifariki shughuli inahamia kwa warithi wake.

Mwenye Probox anayefikiria kupakia abiria kwa nauli ili kufidia mafuta, kama inavyofanyika kwa magari yanayoitwa michomoko katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, anatakiwa kwanza kuwa na leseni ya LATRA. Bima ya gari binafsi nayo haimlindi abiria aliyelipa nauli.