Sumukuvu yaibana biashara ya mahindi

Machi 5, 2021, Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kuingia nchini kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na shehena iwe na cheti cha kuthibitisha kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kwa lori la tani 30, hiyo haifiki hata nusu gramu. Hakuna dalali mwenye jicho la kuiona.

Wengi waliliona zuio lile kama siasa za mpakani. Siasa huenda zilikuwamo, lakini sumu ni ya kweli, na hali ya hewa inaiongezea nguvu. Hutengenezwa na kuvu aina ya Aspergillus flavus, wanaoishi udongoni na kustawi kwenye joto. Mvua ikikatika mahindi yakiwa yanajaza punje, mmea hudhoofika, wadudu hutoboa magunzi, na kuvu hupenya. Mvua ikinyesha tena wakati wa kuvuna, mzigo haukauki na kuvu huendelea kuzaana ghalani. Mikoa ya kati ya Tanzania, inayotegemea msimu mmoja wa mvua, haina nafasi ya kufidia mwaka ulioharibika.

Nenda soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa, uone bei inavyopangwa. Mnunuzi huchoma gunia kwa bambo, humimina punje kiganjani, huzitazama rangi, kisha hutia moja mdomoni na kuing'ata. Ikilia, mahindi ni makavu. Jino la mzoefu si la kudharau, ila haliwezi kutofautisha unyevu wa asilimia 13.5, ambao ndio ukomo wa viwango vya Afrika Mashariki, na asilimia 15. Sumu ndiyo haligusi kabisa. Mkulima aliyeanika juu ya turubai kwa wiki mbili hulipwa sawa na jirani yake aliyeanika juu ya udongo, tena huambulia kilo pungufu, kwa kuwa maji yaliyokauka yalikuwa na uzito wake. Soko linamwadhibu aliyefanya vizuri, na hapo ndipo penye kiini cha tatizo.

Shehena iliyokataliwa mpakani haimwagwi baharini. Hurudi kwenye soko la ndani, kwa bei ya chini, mpaka kwenye sufuria ya asiye na uwezo wa kuchagua. Mwaka 2004 watu 125 walifariki dunia kwa sumukuvu mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, kati ya wagonjwa 317 waliorekodiwa. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20. Hao ni waliokula sumu nyingi kwa mkupuo. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka hujiweka kwenye hatari ya saratani ya ini, hasa akiwa na homa ya ini aina ya B, na watoto wa uji wa kila siku huhusishwa na udumavu. Kupika hakuondoi sumu hiyo. Kukoboa hupunguza, kwa kuwa sehemu kubwa hukaa kwenye ganda na kiini. Lakini pumba huenda kwa ng'ombe, na kutoka hapo sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Zana zipo. Aflasafe, kuvu wasio na sumu wanaomwagwa shambani kabla mahindi hayajachanua ili kuwapokonya nafasi wale wenye sumu, imesajiliwa Kenya na Tanzania. Mifuko isiyopitisha hewa husaidia, mradi mahindi yaingizwe yakiwa yamekauka. Ukifungia mabichi umejifungia hasara. Zote hizi ni gharama, na mkulima hatazilipia iwapo bei ya gunia itabaki ileile.

Halmashauri hutoza ushuru wa mazao. Sehemu ya fedha hizo inunue vipimaunyevu vya kila soko la mnada na kujenga sakafu za kuanikia, na wasagishaji wakubwa watangaze bei ya nyongeza kwa mahindi yaliyopimwa. Nawe unayenunua debe la nyumbani, mwaga mahindi kwenye ungo, uchambue yaliyovunjika, yaliyotobolewa na yenye ukungu, uyateketeze. Usiwape kuku wala ng'ombe.