Kutuma si kufika: tuangalie mesaji za koperative



Kutoka Bibokoboko kushuka mpaka soko la Baraka ni mwendo mrefu, mzigo wa maharagi ukiwa kichwani. Ukifika ukute bei imeanguka, utauza kwa hasara tu, maana nani atapandisha mzigo tena mlimani? Ndiyo sababu koperative inaweza kutuma bei kwa SMS. Lakini malalamiko hayakosi: "Mimi sikupata ile mesaji." Sekretere anajibu: "Mimi niliituma." Wote wawili wanasema kweli.

Mesaji haitoki telefone moja ikaingia ingine moja kwa moja. Inapita kwanza kwenye kituo cha kampuni ya simu. Kama telefone yako imezimika au rezo haiko, kituo kinaitunza na kujaribu tena. Muda wake ukiisha, kinaitupa.

Ziko programu za kompyuta zinazoonyesha safari hiyo kwenye kioo. Moja ni FrontlineSMS, aliyoitengeneza Ken Banks mwaka 2005. Iliweza kutumika bila intaneti: kompyuta ndogo na telefone, au modemu, vimeunganishwa kwa waya.

Sekretere atazame mambo matatu:

1. Zinazongoja. Kama hazipungui, pengine unite zimeisha ao modemu haina rezo. Usizitume mara ya pili. Tafuta kwanza sababu.

2. Zilizofika. "Imetumwa" maana yake imetoka kwako tu. Washa ripoti ya kufika, ndipo utajua.

3. Zilizoshindwa. Namba moja ikishindwa kila juma, mwenyewe pengine amebadilisha SIM ao amehama. Vita ya mwaka 2021 ilihamisha watu wengi wa Bibokoboko. Usimfute mtu haraka kwenye orodha; uliza jirani zake namba mpya.

Angalieni pia urefu. SMS moja inabeba herufi 160. Ukiweka alama kama ê ao ô ya Kifaransa, inabeba 70 tu, na unite zinalipwa mara mbili ao tatu. Andikeni Kiswahili cha kawaida, kifupi: "Baraka, maharagi, kilo," bei, na tarehe. Bei bila tarehe inadanganya.

Jambo la mwisho ni zito. Ile orodha ina majina na namba za watu wetu. Ikianguka mikononi mwa mtu mubaya, inaweza kuleta hatari. Kompyuta ifungwe kwa neno la siri, wajue watu wawili tu.

Na wale ambao kioo kinaonyesha hawakupata? Sekretere aandike majina yao, ampe mwanamemba anayeenda upande wao awaambie kwa mdomo. Pale mesaji iliposhindwa, mguu uende.