Mtoto Anapofiwa na Paka Wake

Katika nyumba za Mpanda, paka hufugwa alinde mahindi na mpunga dhidi ya panya. Kwa mzazi huyo ni mlinzi wa ghala. Kwa mtoto ni rafiki. Akifa, mzazi husema: “Nyamaza, tutaleta mwingine.” Kauli hiyo haimlizwazi mtoto.

Anas bin Malik (r.a.) amesimulia kuwa mdogo wake, Abu Umair, alikuwa na ndege aliyecheza naye. Ndege alipokufa, Mtume (s.a.w.) alimwona mtoto amehuzunika, akamuuliza habari za ndege wake. Hakumkemea.

Nasi, wazazi wenzangu, tuwaulize wanetu, tuwasikilize, nao wawepo tunapomfukia mnyama. Machozi hayapingani na subira. Mtoto aliyefarijiwa leo, kesho atajua kumfariji jirani aliyefiwa.