Istilahi za Kupima Uendelevu wa Utalii

Mwaka 2024 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliidhinisha mfumo wa kupima uendelevu wa utalii katika uchumi, jamii na mazingira. Mkoani Tabora, ambako Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla ilianzishwa mwaka 2019, suala hili si geni. Mtumishi atakayetafsiri hojaji ya utalii kwa matumizi ya kata hana budi kuzielewa istilahi zifuatazo.

Uendelevu. Neno hili latokana na kitenzi "endelea", kilichozaa pia "maendeleo". Kwa hiyo msomaji huweza kudhani kuwa biashara yoyote inayokua ni endelevu. Sivyo. Uendelevu ni hali ya kitu kudumu bila kumaliza kile kinachokitegemeza.

Kongano. Ni mkusanyiko wa biashara zilizo mahali pamoja na zinazotegemeana. Si ushirika, maana kila mtu hubaki na mali yake. Tuchukue mfano wa Usinge, penye kituo cha reli ya Tabora–Kigoma, wilayani Kaliua. Tuseme mwenye nyumba ya wageni, mama ntilie, mvuvi na mrina asali wanawahudumia wageni walewale. Msitu ukifyekwa, hasara haitamwishia mrina asali peke yake.

Kigezo, kiashirio na kipimo. Hapa ndipo tafsiri nyingi hupotoka. Kigezo ni sharti tunalotaka litimizwe, kwa mfano: samaki wasipungue. Kiashirio ni dalili tunayoitazama: wingi wa samaki anaopata mvuvi kwa siku. Kipimo ni kizio cha kuhesabia: kilo. Mfasiri akiyaita yote matatu "vipimo", karani atahesabu vitanda na wageni, kisha aandike kwamba mambo ni mazuri, ilhali ziwa linakauka samaki.

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipitia Tabora, nayo ilinunua nafaka vijijini. Kwa mwanakijiji, idadi ya misafara iliyopita haikutosha kumwambia hali yake; ilimpasa pia atazame ghala lilibaki na nini.

Basi hojaji iulize mawili: wageni wamekuja wangapi, na baada yao kimebaki nini? Swali la pili ndilo lipimalo uendelevu, nalo lisipotee katika tafsiri.